Kipa Asiyesemeshwa

Baridi ya Sorvala haina adabu. Inaingia bila hodi, inakaa mpaka wenyeji wanaanza kuilipisha kodi, na ikiondoka inaacha mizigo yake nyuma ya ghala, maana yake itarudi. Katika mji huo wa machimbo ya chuma, kaskazini mwa Minnesota, mtoto hafundishwi kutembea. Anafundishwa kuteleza kwenye barafu. Kutembea ni shida atakayokutana nayo theluji ikishayeyuka.

Huko ndiko alikozaliwa Mavis Ojala, binti pekee wa Helmi Ojala. Wanasema alipotoka tumboni mkunga alimrushia taulo, akaidaka. Anayebisha akamuulize mkunga, na mkunga keshakufa, kwa hiyo habari ibaki hivyo.

Mavis alikuwa kipa wa hoki ya barafuni. Mkono wake wa kushoto, ule unaovaa glavu kubwa ya kudakia, ulikuwa na akili zake peke yake. Jumapili moja kanisani mchungaji alipiga chafya katikati ya mahubiri, meno yake ya bandia yakaruka kutoka mimbarini, na Mavis, aliyekuwa amesinzia kwenye benchi la mbele, akayadaka bila kufumbua macho. Basi mtu wa namna hiyo, ukimpigia kile kisahani cheusi cha mpira mgumu kwa fimbo, hata kikija na upepo wake na laana zake, kitapita wapi?

Lakini makipa wana vichaa vyao, na Mavis alikuwa na chake. Alipokuwa bado shule ya msingi, asubuhi ya mechi, binamu yake alimuuliza kama anataka jamu au asali kwenye mkate. Mavis akakaa akifikiria jamu na asali mchana kutwa, na magoli yakaingia mpaka mwandishi wa ubao akaishiwa namba. Tangu siku hiyo akaweka mwiko. Siku ya mechi hasemeshwi na mtu, naye hasemi na mtu, tangu anapoamka mpaka timu mbili zipange mstari na kupeana mikono mwishoni. Sorvala nzima ikaushika mwiko huo kama amri ya kumi na moja. Wenye maduka walimpa chenji kwa ishara. Mama yake mwenyewe alikuwa akiongea na mbwa.

"Musti," angesema Helmi, akikoroga sufuria, "hebu mwambie fulani uji umeiva."

Musti angemtazama Mavis. Mavis angekuja kula.

"Musti, mwambie fulani asipovaa soksi nzito nitamvalisha mwenyewe mbele ya wenzake."

Musti angepiga mkia chini mara moja, na Mavis angekwenda kutafuta soksi. Walielewana nyumba nzima.

Nyumba ya pili kutoka kwao aliishi Arvid Sundbeck, kijana wa kiwanda cha mbao cha mjomba wake. Mtu mrefu, mpole, na maneno aliyatoa kama mtu anayetolewa jino. Siku moja porini aliona mti unamwangukia mjomba wake, akafungua kinywa kumwonya. Mjomba alisogea mwenyewe, mti ukaanguka, ukakatwa mbao, mbao zikajengewa banda, ndipo Arvid akamaliza: "...angalia juu."

Arvid ndiye aliyenoa viatu vya Mavis vya kutelezea. Hakuna aliyemtuma. Mavis alikuwa akikaa kwenye gogo akimtazama, cheche zikiruka kutoka kwenye jiwe la kunolea, na hawasemi kitu. Kisha Arvid anampashia viatu moto kando ya jiko, anavifunga kwenye taulo na kumpa vikiwa vya vuguvugu, ili miguu isishtuke. Kwingine wangesema huyo ni fundi mzuri. Sorvala walisema hao wamebakiza pete tu. Mavis naye alijua. Alijua kama mtu anavyojua sauna, kile kibanda cha kuogea mvuke, ina moto kwa kuona moshi, akawa anangoja tu mwenyewe aseme. Miaka ikapita, akaenda chuo mjini Duluth, kila likizo akarudi na viatu butu, hata vile ambavyo havikuwa butu. Alikuwa anavikwaruza kwenye ngazi za bweni.

Mwaka wake wa mwisho, chuo chao kiliingia kwenye timu nne za mwisho za mashindano ya wanawake, na mashindano yenyewe yakaangukia hapo hapo Duluth. Nusu fainali Jumamosi, fainali Jumapili. Sorvala ilifungwa kama duka. Helmi alipika mikate ya nyama na viazi ya kulisha jeshi, akatangulia na basi la mashabiki.

Kabla hajaondoka, Arvid alikuja jikoni kwake, akakaa, akavua kofia yake ya manyoya, akaivaa, akaivua tena.

"Sema, mwanangu," Helmi akamwambia. "Basi linaniacha."

"Nimepata kazi Alaska," akasema Arvid. "Kwenye meli ya kuvua kaa."

"Kaa? Wewe ambaye ukiona beseni unapata kichefuchefu?"

"Naondoka Jumapili jioni. Kwa basi la magharibi, kutoka Duluth." Akanyamaza mpaka birika likaanza kulia. "Mavis akinitaka, siendi. Mjomba ananiachia kiwanda. Akinikatalia... siwezi kukaa nyumba ya pili kutoka kwenu nikimwona anaolewa na mwingine."

Helmi akaweka kijiko chini. "Sasa mbona unaniambia mimi? Nikuoe mimi? Nenda kamwambie!"

"Nitamwambia Jumamosi. Baada ya mechi."

Ungekuwa mpango mzuri, ila Jumamosi ile theluji ilianguka kwa hasira. Gari la Arvid lilizikwa njiani na yeye ndani yake. Mavis alishinda nusu fainali, akapeana mikono na watu wote, mwiko ukaisha kwa jioni ile, akazungumza na kila aliyetaka, akamtafuta kwa macho mtu mmoja asimwone. Akalala. Alipoamka ilikuwa Jumapili, siku ya mechi tena, na mdomo ukafungwa.

Helmi, aliyejizuia kumwambia jioni ile akidhani Arvid atafika kusema mwenyewe, alikesha akihangaika. Asubuhi, kwenye chumba cha kulia cha hoteli, timu ilikuwa imekaa kimya kuzunguka kipa wao kama watu waliokaa na maiti. Deni Kovacich, nahodha, beki mwenye mabega ya mlango na mdomo usiojua likizo, alikuwa akimsogezea Mavis chumvi kwa kidole kimoja. Helmi akaja, akasimama, akafungua kinywa, akakifunga.

"Na Musti nimemwacha nyumbani!" akanong'ona kwa uchungu. Kisha akalikamata birika la kahawa kwa masikio yote mawili. "We birika! Hebu mwambie fulani kuna mtu yuko njiani anakuja kumwona, na ana jambo, na jambo lenyewe haliwezi kung..."

"Mama Helmi!" Deni akaruka. "Unataka tufungwe?"

Mavis alikuwa amekwisha kuziba masikio. Aliinuka, akatoka na sahani yake, akaenda kumalizia mayai kwenye ngazi. Angeweza kuyaacha wazi yale masikio mawili kwa muda wa sentensi moja tu. Miaka mingi baadaye bado aliikumbuka ile ngazi, na zulia lake la kijani, na jinsi alivyojisifu rohoni kwamba amejilinda vizuri.

Saa ya mechi wakapanga mstari kwenye korido inayoelekea uwanjani. Kipa hutangulia. Mavis alikuwa mbele, amevaa mito yake ya miguuni inayomfanya mtu aonekane kama kochi lililosimama, barakoa usoni, mkono wa kushoto ndani ya glavu. Mlango wa pembeni ukafunguka, akaingia Arvid, theluji mabegani, masikio mekundu kama pilipili.

"Mavis," akasema.

Moyo wa Mavis ukaruka mpaka kwenye barakoa.

"Nina jambo," Arvid akasema. Akavuta pumzi. Ilikuwa pumzi ndefu, pumzi ya miaka yote ya lile gogo. Mavis akaliona neno linakuja. Alikuwa amelingojea tangu alipokuwa na meno ya utoto, na kwa sababu hiyo hiyo likamtia hofu: akilisikia sasa, miguu itageuka maji, na huko nje kuna watu elfu kadhaa na fainali. Mkono wa kushoto, ule wenye akili zake, ukainuka peke yake. Glavu ikafunguka mbele ya uso wa Arvid.

Alichotaka kusema ni: ngoja. Ngoja nimalize, kisha sema, sema mpaka kesho. Lakini glavu haina maneno, na yeye mwenyewe hakuwa nayo siku hiyo.

"Sogea, kaka!" Deni akapiga kelele kutoka nyuma. "Huyo leo hasemeshwi hata na malaika!"

Wasichana wakacheka. Arvid akaitazama ile glavu. Aliijua. Alikuwa ameiona ikizuia kila kitu kilichowahi kuielekea.

"Haya," akasema.

Ndilo neno la pekee alilowahi kulisema haraka maishani mwake.

Mechi ikaanza. Kipindi cha kwanza Mavis aliiona kofia ya manyoya nyuma ya kioo, karibu na goli lake, ikamtuliza. Akadaka kwa glavu, akadaka kwa goti, kisahani kimoja akakizuia kwa kidevu cha barakoa na kukirudisha kwa dharau. Kipindi cha pili, alipotazama tena upande ule wa kioo, mahali pa kofia palikuwa na mtoto anakula bisi. Kaenda kununua kahawa, Mavis akajiambia. Foleni ya kahawa ni ndefu. Kipindi cha tatu akajiambia foleni imekuwa ndefu mno. Hakuna aliyefunga goli. Wakaingia muda wa nyongeza, na watu wanasema hapo alizuia kisahani kimoja kwa nguvu mpaka kikatoka moshi, akakirusha mwenyewe hadi kwa Deni, na Deni, ambaye kwa kawaida hakuweza kulenga hata ziwa akiwa ndani ya mtumbwi, akafunga.

Uwanja ukalipuka kwa shangwe. Timu ikamlalia Mavis juu. Chini ya lile rundo, wenzake wakilia na kucheka, yeye alikuwa akichungulia kati ya magoti ya watu atazame kioo.

Bado mstari wa mikono. Hilo huwezi kulikwepa, hata nyumba yako ikiungua. Mavis akavua glavu, akapita, mkono baada ya mkono. "Mmecheza vizuri." "Hongera." "Mmecheza vizuri." Wale walioshindwa walikuwa na mikono mizito yenye machozi, haikuachia upesi. Alipouachia mkono wa mwisho alikuwa amekwisha kugeuka.

"Mama! Arvid yuko wapi?"

Helmi alikuwa amening'inia kwenye ukingo wa jukwaa, sauti imemkauka. "Kituo cha basi! Anakwenda Alaska! Alikuja kukuposa, mwanangu, kimbia!"

Mavis akakimbia. Hakuvua kitu. Alitoka na mito yake, na viatu vyake vya makali, akashuka mtaa mzima wa lami cheche zikimtoka miguuni, akapita kwenye taa nyekundu, na askari mmoja alisimamisha magari akidhani kochi la hoteli linaibiwa na kochi lenyewe ndilo mwizi. Watu wa Duluth husimulia hivyo na kucheka. Mavis naye huwaachia wacheke.

Kituoni kulikuwa na mama mmoja anafagia.

"Basi la magharibi?"

"Limeondoka, binti. Hata moshi wake bado unanuka."

Akakaa kwenye benchi. Makali ya viatu yalikuwa yamekwisha kabisa, yamepinda, hayana tena pa kunoa. Kule uwanjani walikuwa wakimtafuta wampe kombe alishike.

Sasa utauliza, mbona hakumfuata? Basi la kesho lilikuwepo. Lakini unapaswa kujua watu wa Sorvala wanavyokaribishana kahawa. Ukiulizwa mara ya kwanza unasema hapana, asante. Mara ya pili unasema usijisumbue. Mara ya tatu unasema, haya, tone tu, na unakunywa birika zima. Anayekubali mara ya kwanza ni mlafi. Anayeuliza mara moja hakutaka kutoa. Mavis alilelewa hivyo, na mama yake, na bibi yake. Akasema moyoni: ameuliza mara moja, na hata hakumaliza. Atauliza tena.

Krismasi simu ililia. Mavis akainua mkono wa simu kabla haijalia vizuri.

"Arvid hapa."

"Ndiyo."

Ukimya ulikwenda Alaska na kurudi.

"Huko kuna baridi?" Arvid akauliza.

"Ipo. Huko?"

"Ipo."

Helmi alikuwa nyuma ya mlango akiuma kitambaa cha vyombo asipige kelele. Mavis aliyasikia mawimbi, au alidhani ni mawimbi. Sasa atasema, akawaza. Na huko upande wa pili alikuwapo mtu aliyewahi kuinuliwa glavu usoni, akingoja ishushwe. Hilo Mavis hakuliwaza.

"Basi, nawatakia sikukuu njema," Arvid akasema.

"Na wewe."

Mwaka uliofuata habari zikafika kwamba ameoa, mwalimu wa huko huko.

Mavis akarudi Sorvala, akawa dereva wa basi la shule. Akaishi na mama yake, akamzika Musti, akachukua mbwa mwingine ambaye hakuwa na kazi ya kufikisha ujumbe. Kwenye mkahawa wazee walikuwa wakimtania. "Kipa wetu huyo! Hakuna kilichowahi kumpita!" Na mmoja angedakia, "Hata mume!" Mavis angecheka nao, angemaliza chai, angekwenda kukaa ndani ya basi tupu mpaka kengele ya shule.

Jioni alifundisha makipa wadogo. Kwa hao hakuwa na mwiko.

"Shangazi Mavis, leo nina mechi, usinisemeshe!" mtoto angelalamika.

"Nitakusemesha mpaka uombe masikio mengine. Umekula? Bibi yako anaendeleaje? Yule aliyekuletea fimbo jana anaitwa nani?"

"Shangaziii!"

"Jibu watu wanapokuuliza, mama. Jibu huku unadaka. Vyote vinawezekana."

Mashindano yalirudi Duluth yeye nywele zimeshaingia mvi. Alijitolea kukata tiketi mlangoni, na Helmi, ambaye sasa alikuwa kwenye kiti cha magurudumu, alikaa kando yake akimtukana kila aliyevaa rangi za wapinzani. Foleni ikasogea, tiketi ikaletwa na mkono mmoja mkubwa usio na vidole viwili. Bahari hula watu polepole.

"Mavis," mkono ukasema.

Akainua macho. "Arvid. Umenenepa."

"Nimenenepa," Arvid akakubali. "Binti yangu anacheza leo. Signe. Ni beki."

"Nimeliona jina. Nikasema huenda ni Sundbeck wengine."

"Ni sisi."

Foleni nyuma yake ilianza kuguna. Arvid alisimama palepale, kinywa wazi kidogo, na Mavis akaiacha ile foleni igune. Safari hii asingeinua hata kidole.

"Siku ile," Arvid akasema mwishowe, "uliponikatalia."

"Sikukukatalia. Nilikuwa nakwambia ungoje."

Arvid alilitafakari hilo. Foleni ikafika kwenye maegesho ya magari.

"Ulinyoosha glavu," akasema.

"Ungeuliza tena! Kwetu mtu huulizwa mara tatu, Arvid, umekulia hapo hapo, unajua!"

"Kahawa, Mavis," akasema kwa upole. "Kahawa ndiyo huulizwa mara tatu."

Mavis akaigeuza tiketi ya Arvid vidoleni. Helmi, ambaye siku hizo hasikii hata ngurumo, alikuwa ameacha kutukana watu.

Mwanamke mmoja mnene, mchangamfu, akaja mbio kutoka ndani, skafu ya timu imemzunguka mpaka puani. "Arvid! Baba Signe! Wanaingia, unapitwa! Samahani dada, huyu mtu ukimwanzia salamu umeharibu siku nzima." Akamtazama Mavis vizuri, kisha mumewe. "Kumbe mnajuana?"

Arvid akavuta pumzi. Mavis akaona namna inavyokuja, ndefu, na akaona uso wa yule mwanamke, mwema, usio na habari. Akaikata ile tiketi.

"Tulikuwa majirani," akasema.

"Majirani," Arvid akasema.

"Oh! Basi tutaonana baadaye!" Mkewe akamshika mkono, wakaingia. Mavis akakata tiketi nyingine, na nyingine, mpaka foleni ikaisha na mlango ukafungwa. Ndani walikuwa wakiita majina, na kila jina uwanja ulilipokea kwa kishindo. Alikuwa na ruhusa ya kuingia. Kiti chake kilikuwapo.

"Nani anaongoza?" Helmi akauliza baada ya muda.

"Sijui, mama," Mavis akasema, akaendelea kuokota vipande vya tiketi sakafuni.